Vitz yangu ina wiki sita: dashibodi inasema kilomita 64,118, kikaratasi cha mlangoni kinasema 83,400

mama_wa_belair

Jambo wandugu wa Lushi (Lubumbashi) na wa popote mlipo.

Wiki sita zilizopita nilinunua gari langu la kwanza, Toyota Vitz ya 2012, injini ya lita moja, usukani kulia. Nililipa dola 6,200, pesa ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ya miaka mitatu. Lilitoka Dar es Salaam likiendeshwa, likapita Zambia yote mpaka mpakani kwetu Kasumbalesa. Nilipofika kuliangalia lilikuwa limeoshwa na matairi yamepakwa ile nyeusi inayong'aa. Sikuuliza mengi.

Niseme ukweli kwanza: nalipenda. Mtaani Kamalondo naliegesha mahali ambapo jipu (jeep kubwa) linazunguka mara tatu. Esanse (petroli) kidogo inanifikisha kazini juma zima. Wifi zangu nao wameanza kunitembelea sana, hasa Jumapili baada ya misa, na kila mmoja nyumba yake iko "kwenye njia yako tu".

Sasa shida. Asubuhi nikiondoka, kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, linatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu linatulia. Garaji moja ikaniambia mafuta ya buati, yaani sanduku la gia, yamechoka, wakabadilisha. Kopo niliona, mafuta mekundu. Nikauliza kama ndiyo yenyewe, fundi akajibu, "Mama, otomatiki ni otomatiki." Tangu siku hiyo kutetemeka kumezidi. Nimerudi, sasa wanasema buati imekufa, nilete dola 700 wanitafutie nyingine.

Halafu jana nilikuwa nafuta vumbi kwenye ukingo wa mlango wa dereva, karibu na kitasa kinapofungia. Nikakuta kikaratasi cha Kijapani. Herufi sizijui, lakini tarakimu nasoma: 29.6.12, na chini yake 83,400.

Ninunue buati? Nirudi kwa aliyeniuzia? Au niuze kabla mvua haijaanza?

kadogo_wa_katuba

Mama, balikudanganya. Uza ile motokari, utafute jipu. Mvua ikianza, ile kidogo itabakia mu matope na wewe ndani.

fundi_kampemba

Kadogo, si kila mtu ana pesa ya esanse ya jipu.

Mama, usinunue buati. Nijibu moja kwanza: ukisimama barabarani, mguu kwenye breki, mkono wa gia uko D, linatetemeka pia? Maana Vitz ya lita moja ina silinda tatu, si nne. Injini ya silinda tatu hutikisika kidogo hata ikiwa nzima, na mipira inayoishikilia ikichoka, utasikia mpaka usukani unacheza mkononi. Nimeona watu wanalipia buati kwa kosa la mpira wa injini.

mama_wa_belair

Nikisimama linatikisika kidogo sana, si kitu cha kunisumbua. Kubwa ni wakati wa kuondoka.

fundi_kampemba

Basi tuongee mafuta.

Buati ya gari lako si ya gia zenye meno zinazopokezana. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinabana na kuachia, ndiyo maana husikii gia ikibadilika, sauti inapanda tu kama cherehani. Huo mkanda haushiki kwa nguvu peke yake, unashika pia kwa sababu ya mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo: yanalainisha, lakini hayaachi chuma kiteleze juu ya chuma. Mafuta mekundu ya otomatiki ya kawaida ni ya kazi nyingine. Ukiyatia humo, mkanda unateleza kidogo kidogo, na kila ukiteleza unakwaruza puli. Kwa hiyo yule ndugu alichukua buati iliyochoka akaitia ugonjwa wa pili.

Buati hiyo ya mkanda inaitwa CVT, na Toyota wana mafuta yao ya CVT. Ya zamani yanaitwa TC, yaliyofuata yanaitwa FE, na hayachanganywi. Fungua kitabu cha gari ndani ya kasha la mbele. Hata kikiwa cha Kijapani, herufi hizo zimeandikwa kama tunavyoandika sisi. Muuzaji akikuambia "yanafanana", toka dukani.

Kutoa mara moja hakumalizi, mengi yanabaki ndani. Toa, jaza, endesha siku chache, toa tena, mpaka mara tatu. Usikubali mtu ayasukume kwa mashine ya presha. Na kiwango hupimwa mafuta yakiwa na moto wake, injini inaunguruma. Fundi anayekupimia likiwa baridi na kusema "sawa", chukua funguo zako.

Halafu, karta ya chini, lile bakuli la mafuta ya buati, ikifunguliwa, simama hapo hapo uangalie sumaku zilizomo. Pangusa kwa kidole. Ukipata uji wa kijivu, laini, hiyo ni kawaida ya umri. Ukipata vipande vinavyochoma kidole, hapo ndipo tutaongea habari ya dola 700.

Na filta ya hewa, mama. Gari limeendeshwa karibu kilomita 2,000 kutoka Dar, halafu likaingia vumbi letu la Septemba. Itoe uigonge chini uone.

wa_transit

Kikaratasi hicho ni cha kubadilisha mafuta ya injini. Magaraji ya Japani wanakibandika mlangoni. Ile 29 si tarehe, ni mwaka wa mfalme wao. Zama zile ziliitwa Heisei, na hesabu yake ni rahisi: ongeza 1988. 29 na 1988 ni 2017. Kwa hiyo tarehe 12 Juni 2017 gari lako lilikuwa limeshafika 83,400. Likasimama wapi baada ya hapo, Mungu na wanunuzi wake wanajua. Hizo 64,118 ni za fundi wa kompyuta, si za gari.

Kazi ya kuleta magari nimeifanya, sitasema wapi. Wanaokata kilomita wanakumbuka dashibodi. Karatasi za mlangoni wanasahau kwa sababu hawazisomi.

yaya_wa_likasi

Mdogo wangu, mimi nina Vitz mwaka wa tano, nakwenda nayo Lushi na kurudi. Mambo ya buati umepata mtu, mimi nikwambie yale ambayo hakuna anayekuambia siku ya kununua.

Taa. Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo taa zao zinainua mwanga upande wa kushoto ili kumulika pembeni ya barabara. Sisi tunaendesha kulia. Kushoto kwetu ndiko anakotokea mwenzako. Kama usiku watu wanakuwashia taa kubwa na wewe umeweka ndogo, usiwatukane, unawapofusha. Kuzishusha kunapunguza, hakuondoi. Mimi nilitafuta taa za Yaris ya Ulaya, ndilo gari hilo hilo lenye usukani kushoto, zikaingia bila kukata kitu.

Kupita malori. Ukiwa njia ya Kasumbalesa nyuma ya lori la shaba, wewe umekaa kulia, unaona nini? Unaona namba yake ya nyuma. Baki mbali, acha nafasi ya lori jingine katikati, ndipo utaona barabara. Ukimkaribia umekwisha kuwa kipofu. Abiria wa kushoto anaweza kukusaidia, lakini awe mtu anayeendesha. Mimi mtoto wangu wa miaka tisa aliniambia "pita mama", nikachungulia, basi zima lilikuwa linakuja. Tangu siku hiyo yeye anakaa nyuma.

Redio usiipeleke garaji, haijaharibika. FM ya Japani iliishia 90, na stesheni nyingi zetu ziko juu ya hapo. Kuna kidude kidogo cha kuunga kwenye waya wa antena, au badilisha redio.

Wifi zako sina dawa.

papa_ruashi

Mama, nimesoma yote nikangoja mtu aulize, hakuna. Karte roze, kadi ya umiliki wa gari, iko kwa jina la nani?

mama_wa_belair

Bado kwa jina lake, papa. Aliniambia tutabadilisha "wiki ijayo".

papa_ruashi

Basi kikaratasi ukifiche kwanza. Cheka naye, mwite mukubwa, mpaka jina libadilike. Ukianza ugomvi leo, siku rulaji (polisi wa barabarani) wakikusimamisha wewe ndiwe utaeleza kwa nini unaendesha gari la mtu mwingine, na yeye simu haitapokelewa.

Karte roze ikiwa mkononi, nenda na kaka yako mkubwa au baba mdogo, usiende peke yako. Muombe cheti cha kutolea gari Japani. Kilomita huandikwa pale. Akisema kimepotea, umeshapata jibu lako. Pesa yote hatakurudishia, usijidanganye, lakini mtu mwenye duka barabarani hapendi wazee wakikaa mlangoni kwake asubuhi.

kadogo_wa_katuba

Papa Ruashi ulikuwa jaji?

papa_ruashi

Nilinunua Corolla.

mama_wa_belair

Narudi baada ya siku kumi na mbili.

Jina limebadilika. Nilicheka naye mpaka mashavu yakauma. Baada ya hapo baba mdogo akaenda nami, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, akaomba maji, akanyamaza. Cheti kikasemekana kimebaki Dar. Baba mdogo akatoa simu, akamwonyesha picha ya kikaratasi, akamfanyia hesabu ya 1988 polepole kama anafundisha mtoto. Mwisho wake tumepewa dola 300 na maneno mengi. Nimechukua.

Mafuta sahihi niliyapata, kitabu kinasema FE. Fundi wa sasa ni mwingine, kijana, alipima yakiwa na moto bila mimi kusema. Yaliyotoka yalikuwa mekundu yaliyochafuka, rangi ya juisi ya ngai-ngai (rozela) iliyolala. Karta ilipofunguka nilisogea mpaka kijana akacheka. Nikapangusa sumaku: uji wa kijivu, laini. Nikapangusa tena kwa kidole kingine.

Kutetemeka hakujaisha. Zamani kulinifuata mpaka mjini, sasa ni mita mia za kwanza, halafu kimya. Filta ya hewa niliigonga chini, nikalazimika kufagia. Taa tumeshusha, za Yaris zitangoja likelemba. Kadogo, siuzi.

Kikaratasi nimekibandikia selotepu juu kisichakae. Jumamosi tunatoa mafuta mara ya pili. Fundi Kampemba, yale machafu naweka wapi, chupa tatu za maji za lita moja na nusu zinatosha?

fundi_kampemba

Lete nne. Na wifi wasione, watafikiri ni juisi kweli.