Naomba ushauri: niwaonyeshe wenzangu filamu isiyojibu maswali yake?

Habari zenu wakuu. Zamu ijayo ya kuchagua filamu kwenye kikundi chetu cha mtaani ni yangu, na moyo wangu uko kwa Figures in a Landscape ya mwaka 1970, iliyoongozwa na Joseph Losey. Haitajwi sana, na kwa kweli naona imeonewa.

Watoro wawili, wanaoigizwa na Robert Shaw na Malcolm McDowell, wanakimbia nyikani mikono imefungwa nyuma, helikopta nyeusi ikiwawinda. Hatuambiwi ni nchi gani, wala walikosa nini, wala nani anawasaka. Ile helikopta inashuka chini kabisa kama inataka kuwagusa vichwa, inapaa, inageuka, inarudi tena. Unajikuta unaichukia kama mtu mwenye roho mbaya. Milima inayoonekana ni ya Hispania, ilikopigwa filamu, na mswada aliuandika Shaw mwenyewe kutokana na riwaya ya Barry England. Wawili hao hata hawapendani, ila hakuna wa kumwacha mwenzake.

Sasa shida yangu: wenzangu wamezoea sinema za kufukuzana ambazo mwishoni kila kitu kinafafanuliwa. Nahofia wataanza kunyanyuka katikati. Niwatahadharishe mapema kwamba majibu hayaji, au nikae kimya waonje wenyewe? Aliyewahi kuonyesha filamu ya namna hii mbele ya watu, tafadhali anieleze alifanyaje. Na kama mnajua nyingine ya watoro porini yenye fumbo kama hili, nitajieni. Natanguliza shukrani.