MREJESHO: Mpunga wangu uliokuwa na mabaka ya njano

Habari zenu wakuu. Msimu uliopita niliwauliza kwa nini mpunga wangu wa mbegu ya SARO 5 kule Mbarali, Mbeya, ina mabaka ya njano wakati mbolea nilirusha sawasawa ekari zote mbili. Wengi mkasema niongeze urea. Mmoja akasema nikapime udongo, tena kila baka peke yake, nisichanganye. Huyo ndiye niliyemsikiliza.

Nilichimba sentimita 20, sehemu kumi kila jaruba. Karibu na mdomo wa mfereji ni mchanga mtupu, ukiufinyanga unamwagika. Mwisho wa shamba ni mfinyanzi unaong'ang'ania jembe. Ila baka baya kuliko yote ni pale nilipovunja kichuguu na kusawazisha kwa trekta: pH (kipimo cha uchachu wa udongo) 8.2, yaani alkali imezidi, na zinki, kirutubisho cha mmea, karibu hakuna. Yale madoa ya rangi ya kutu kwenye majani, mimi nilidhani ugonjwa, kumbe ni upungufu wa zinki, nikapoteza hela ya dawa bure!

Safari hii nimeweka salfeti ya zinki pale tu. Upande wa mchanga urea naigawa mara tatu, maana inazama na maji. Kichuguuni kumeanza kukolea kijani. Mchangani bado, labda hadi nipeleke samadi. Picha nitaweka mpunga ukitoa masuke.