MREJESHO: Tairi za Hilux za kwenda tope na lami yenye mvua
Wakuu nimerudi, niliuliza nichukue MT (tairi za tope) au AT (tairi za njia zote, lami na vumbi) kwa Hilux inayoshinda kwenye tope la Mufindi halafu inashuka mlima Kitonga mvua ikinyesha. Nimefunga AT zote nne, saizi 265/65R17, na aliyenishauri niangalie vile vimkato vyembamba juu ya kashata (vile vibonge vya mpira vinavyogusa barabara) Mungu ambariki sana, maana ndivyo vinavyoshika lami ikiwa imelowa, MT nyingi hazina vya kutosha. Kwenye kona za Kitonga breki inashika vizuri gari haitelezi kabisa. Tope zito ndo kidogo kashata zinajaa, ila nikishusha upepo mpaka PSI 22 gari inatoka yenyewe, nikifika lami narudisha 32. Asanteni sana aisee.