Vidudu vimejaa kwenye tangi la vyura, nikipuliza dawa itakuwaje?

Mtu_wa_Bububu
Asalaam alaykum jamani. Mie nna vyura wadogo wa kijani, wale wanaopiga kelele mabonde ya Cheju masika yakiingia, nimewaweka kwenye tangi la kioo la futi mbili, chini nimetia usumba (zile nyuzi za makumbi ya nazi) na udongo na majani makavu. Sasa tangu mvua zianze nishachoka. Juu ya udongo kuna vidudu vyeupe vidogo mno vinarukaruka, nikifungua mfuniko vinzi vyeusi vinanijaa usoni, usiku nikimulika na tochi ya simu nakuta koa wadogo wamejibandika kwenye kioo, na juzi sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani moja kwa moja mpaka kwenye tangi. Mama watoto keshasema ama nipulize dawa ya mende ama tangi litoke nje na vyura wake. Je nikiwatoa kwanza, nikapuliza, halafu nikawarudisha jioni itafaa?

Konde_Pemba
Waalaykum salaam. Yakhe, usipulize kabisa, hata ukiwatoa! Chura hanywi maji kwa mdomo, anayafyonza kwa ngozi, hasa ya tumboni pale anapokaa, sasa ile dawa inabaki kwenye udongo na kwenye kioo na wewe unakuja kumkalisha juu yake. Watakufia wote hao.

Halafu hivyo vyeupe vinavyoruka viache, havina ubaya, chakula chao ukungu na majani yaliyooza, kuna wafugaji Ulaya wananunua kwa pesa wakavitia makusudi. Ila hakikisha ndivyo. Chota udongo kijiko kimoja utie kwenye kisahani cha maji, uangalie kwa karibu. Ukiona vinaelea na vinaruka juu ya maji kama vile ni sakafu, ndivyo. Ukiona vya mviringo vinatambaa polepole kama vumbi linalotembea, na vimejazana pale palipobaki chakula, hao ni utitiri, mara nyingi wanakuja na pumba za kulishia nyenje unaowapa vyura. Hapo badilisha pumba na usiache mabaki ndani.

bint_Mkoani
Kaka mie naona wote hao wasubiri, kwanza sisimizi. Koa hamdhuru chura, vinzi ndo kabisa chura mwenyewe atavila, lakini sisimizi wakishaingia wengi wanamuuma chura na ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Leo leo watoe uwaweke kwenye ndoo yenye kitambaa kibichi, ufunike kwa chandarua.

Meza iweke miguu kwenye makopo ya maji yenye sabuni kidogo, kama vile bibi zetu walivyokuwa wakiweka kabati la sukari, na isiguse ukuta wala pazia. Na kama una taa angalia waya wake!! Watu wanaziba kila kitu wanasahau waya, sisimizi wanapita hapo hapo, upake mafuta mazito ya mgando. Nyenje wasioliwa uwatoe kila usiku, wakifa ndo wanaowaita sisimizi na wakiwa hai wanamtafuna chura akilala.

Mtu_wa_Bububu
Ahsante dada, waya upo kweli na unapita dirishani. Na koa je? Kuna mtu kaniambia siki na bekingi soda.

Fundi_wa_makumbi
Hiyo ya siki inafanya kazi, ile hewa inayotoka kwenye povu ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa hiyo inatuama chini ya tangi na kuvinyima vidudu pumzi, lakini vyura wawe nje, dirisha liwe wazi, na watoto wasiinamishe vichwa humo. Mayai hayafi, kwa hiyo utarudia yakianguliwa, na vile vyeupe vizuri vitakufa pia. Mie ningeanza na kipande cha tango usiku, asubuhi ukiinua utawakuta koa chini yake, unawaokota. Wanaingia na majani, majani uyachemshe kabla ya kutia.

Sasa nikuulize wewe, usumba umeutoa wapi? Kama ni wa Jambiani au Paje, makumbi yale yanazikwa pwani maji yanajaa na kupwa juu yake miezi mingapi sijui, usumba unatoka na chumvi, na chura na chumvi hawapatani. Uroweke maji baridi, mwaga, rudia mpaka ukiyaonja maji huhisi chumvi.

Mtu_wa_Bububu
Ni wa Jambiani sheikh. Nautoa wote kesho.

bint_Mkoani
Ukiurudisha usiulowanishe ukawa kama uji, ukamue mkononi kwanza. Vinzi vinazaliana kwenye udongo unaotota, juu pakikauka kidogo vitapungua vyenyewe, mwambie mama watoto avumilie.

Konde_Pemba
Avumilie vyura, au avumilie mume? 😂