Naomba ushauri: mbuzi amemkataa mtoto wake mmoja

Habari za leo wafugaji wenzangu. Nina mbuzi wanne nyumbani, Kibaha. Juzi alfajiri mmoja kazaa mapacha, uzao wake wa kwanza. Jike anamnyonyesha vizuri, ila dume kila akisogea anapigwa pembe. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, alipata; nilimkamua mama nikamnywesha kwa chupa. Nimejaribu kumfunga mama kamba, nikampaka mtoto chumvi mgongoni. Analambwa kidogo, halafu teke. Chuchu nimezikagua, hazina uvimbe wala joto. Usiku nimemtandikia gunia, bado anatetemeka peke yake pembeni, roho inaniuma sana.

Je, mama anaweza kumkubali bado, au nimlee kwa chupa moja kwa moja? Na kwa umri huu anywe mara ngapi kwa siku?

Natanguliza shukrani.