Hivi sheria ya urithi ya 1963 bado inatumika?

Kulwa wa Igoma:
Wakuu, habari za jioni. Baba amefariki, ameacha nyumba hapa Igoma na shamba la mpunga Magu. Kwenye kikao cha ukoo baba mkubwa katoa fotokopi imechakaa mpaka imekuwa njano, akasoma: Tangazo la Serikali namba 436 la 1963. Mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu. Mama hana fungu, atatunzwa na watoto wake. Mimi na pacha wangu Doto tukabaki tunatazamana. Ipo kweli, au mzee anatupiga?

Sangara Mkavu:
1963 hata na Zanzibar hatujaungana! Pole dada.

Mama Karani (mstaafu):
Ipo mwanangu, hajadanganya. Nimeandika mafaili ya mirathi huku Kanda ya Ziwa mpaka nastaafu, karatasi hiyo naijua. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba inabagua wanawake, lakini haikuifuta. Wajane wawili wa Shinyanga wakaifikisha kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, wakapewa haki 2015. Sheria iko palepale.

Ila kuna ambayo hakuwasomea. Hapahapa Mwanza, 1990, Jaji Mwalusanya alimpa ushindi mama wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Halafu hiyo ya 1963 ni ya marehemu aliyeishi kimila. Hakimu huuliza: aliishi vipi? Alifunga ndoa wapi? Kazikwa na nani? Kama mila alishaziacha, mnahamia kwenye sheria kongwe zaidi, ya Urithi ya India ya 1865. Msicheke! Mwingereza katuachia, ipo mpaka leo. Na afadhali hiyo: mjane theluthi moja, zinazobaki watoto wagawane sawasawa, wa kike kwa wa kiume.

Faili limefunguliwa wapi?

Kulwa wa Igoma:
Shikamoo mama. Mahakama ya Mwanzo. Baba alikuwa katekista.

Mama Karani (mstaafu):
Marahaba. Katekista! Kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo ni ya mirathi ya kimila na ya Kiislamu, sasa umeelewa kwa nini baba yenu mkubwa kaikimbilia. Beba cheti cha ndoa cha wazazi na barua ya paroko, wahini kuweka pingamizi kabla hajateuliwa msimamizi. Mama yenu awepo, asiwakilishwe na shemeji yeyote. Na kama kuna wapangaji hapo Igoma, waambieni kodi isubiri.