Tupeane uzoefu: sataranji ya dakika 3 mtandaoni, ulianzaje kupanda?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Sataranji nilijifunzia kwenye simu, kwenye programu ya Lichess, kwa sababu ni bure na haina matangazo. Pale kila mgeni anaanzia pointi 1500 za kiwango, ukishinda zinapanda, ukishindwa zinashuka. Kwenye dakika 3, yaani kila mchezaji ana dakika 3 za mchezo mzima, niliporomoka mpaka 870, sasa niko 1180 na nataka kuendelea.

Kilichonichelewesha nimekigundua mwenyewe. Nimekulia kijiwe cha drafti. Kwenye drafti kula ni lazima, na kwenye bao pia, chakula kikiwepo huruhusiwi kukiacha. Mkono wangu ulishazoea hivyo. Mpinzani akinisogezea askari, nakula hapohapo, kumbe yule askari ni chambo na nyuma yake malkia wangu anabaki hana mlinzi. Nikaanza kujiambia kwa sauti, "si lazima", kila ninapotaka kula. Inachukua nusu sekunde tu. Tangu hapo malkia wangu haliwi ovyo.

Nyie wa Lindi, Masasi, Nachingwea, mlikwama wapi na mlitokaje?

Dada wa Lindi mjini

Mimi nikiwa na kete nyeusi nilikuwa nafungwa kwa hatua nne. Malkia anakuja h5 (herufi ni safu, namba ni mstari wa ubao), askofu c4, wote wawili wanaitazama f7, na pale mlinzi ni mfalme peke yake. Jioni moja nilifungwa hivyo mara tatu mfululizo, nikazima simu nikakaa na ubao wa karatasi.

Dawa yake ni hii. Malkia akitua h5, toa farasi c6 kulinda askari wa e5. Askofu akija c4, sogeza askari g6, malkia akimbie. Akirudi f3 kutishia tena, weka farasi f6, njia imezibwa. Sasa hesabu: yeye amehangaika na malkia mmoja, wewe farasi wote wawili wako nje. Leo mtu akinianzia hivyo nafurahi.

Bodaboda wa Masasi

Kaka, angalia aina ya saa unayochagua. Nilikuwa nacheza dakika 3 kavu nikisubiri abiria kijiweni. Mtandao ukikata saa yako inaendelea kula, hakuna anayekuonea huruma. Nikahamia dakika 3 yenye nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua. Mwishoni kete zikibaki chache, zile sekunde 2 ndizo zinazokuokoa.

Na jifunze kumalizia. Nilishawahi kubaki na ngome mbili, mwenzangu ana mfalme mtupu, muda ukaniishia. Nikajua nimeshindwa, kumbe ni sare, maana mfalme peke yake hawezi kumfunga mtu. Iliniuma sana. Nikawa nacheza na kompyuta ya ndani ya programu, haihitaji bando: ngome moja inafunga mstari, ya pili inatoa sheki, yaani inamtishia mfalme, mstari unaofuata, zinapokezana kama ngazi mpaka ukingoni. Mfalme akizisogelea, ipeleke ngome upande wa pili wa ubao kwenye mstari uleule. Nilirudia mpaka nikaweza kumaliza ndani ya sekunde 20.

Mzee wa Mikindani

Mwanangu, mimi sikubaliani na hizo dakika 3 kwa anayeanza. Marehemu baba aliponifundisha bao alinizuia kucheza na watu wa haraka mpaka niwe naona kete zangu zitaishia shimo gani kabla sijazishika. Cheza dakika 15 kwanza. Macho yakishazoea, dakika 3 zitakutosha.

Wa Nachingwea

Namuunga mkono mzee. Langu mimi lilikuwa hasira. Nikipoteza mchezo naanza mwingine papo hapo nirudishe pointi, usiku mmoja nikapoteza 140. Sasa nikifungwa mara mbili naacha, nafungua ile michezo miwili. Kwanza natafuta mwenyewe nilipokosea, ndipo naiwasha Stockfish, programu inayochambua hatua, nayo ndani ya Lichess ni bure. Karibu kila mara kosa ni lilelile: nimeacha kete bila mlinzi. Kwa hiyo mafumbo ninayofanya asubuhi ni ya kete zisizolindwa tu.

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee, nimekusikia. Wiki hii nacheza dakika 15 tu. Dada wa Lindi, swali moja: akitanguliza askofu c4, malkia bado yuko nyumbani, nitoe g6 vilevile?

Dada wa Lindi mjini

Hapana, hapo toa farasi f6 moja kwa moja. Anailinda h5, malkia akitua pale unamla. Na akienda f3, farasi wako ameshaziba njia ya f7.